Aliyeuawa Mchezoni Huenda Wapi?

Kila mchezo wa vita, uwe wa mbao, wa karatasi au wa umeme, una swali moja ambalo aliyeubuni hana budi kulijibu kabla hajamfundisha mtu wa pili: aliyeuawa huenda wapi? Mengine yanaweza kungoja. Silaha ziwe ngapi, nani aanze, ushindi ujulikaneje, hayo yote hurekebishwa kadiri watu wanavyocheza na kugombana. Lakini askari wa kwanza akishapigwa, lazima ijulikane papo hapo kama anaondolewa, anahamia kwa adui, au analala kidogo kisha anaamka. Naamini kwamba jibu la swali hilo hueleza mengi kuhusu waliobuni mchezo kuliko hadithi yoyote waliyoupamba nayo.

Naandika haya nikiwa Bomani, hapa Tarime, mahali ambapo vita havikuwa habari ya vitabuni tu. Kilichonisukuma kushika kalamu ni mchezo wa kompyuta, jambo litakalowashangaza wale walionifahamu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mtu wa chaki na ratiba. Mchezo huo unaitwa Icewind Dale, na ulitolewa Marekani mwaka 2000. Niliuona mara ya kwanza mwaka 2003, kijana wangu alipokuja likizo na kompyuta ya mezani aliyoisafirisha kwa basi kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa kwenye blanketi. Sasa mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 17 amekuja nao tena, katika toleo lililokarabatiwa mwaka 2014 na kampuni ya Beamdog ya Kanada. Nimeketi kando yake jioni nyingi, miwani machoni, nikiuliza maswali. Mchezo una miaka zaidi ya 20, ambayo katika mambo ya kompyuta ni umri wa mzee wa mkongojo, lakini bado unachezwa. Nimeona inafaa kuutazama upya kwa jicho la historia, maana haukuota wenyewe kama uyoga. Una ukoo wake, na ukoo huo unapita katika vita ambavyo babu zetu walivibebea mizigo.

Tuanze na mchezo ulio karibu nasi, ili tuwe na kipimo. Bao la kete lina mashimo 32 katika mistari 4, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Katika bao la Kiswahili linalochezwa na mabingwa wa pwani, mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki ni akiba, naye huziingiza moja moja. Hatua hiyo huitwa namua. Akiba ikiisha, inaingia hatua ya mtaji. Mapigano yote ni ya mistari ya mbele. Kete za nyuma haziliwi. Hata hivyo, mstari wako wa mbele ukibaki mtupu umefungwa, ijapokuwa nyuma umejaza kama ghala la mahindi baada ya mavuno.

Sasa tazama zinakokwenda kete zilizoliwa. Hazitupwi wala haziwekwi pembeni. Mchezaji huzichota katika shimo la adui, akazipeleka kwenye kichwa cha upande wake, na kuzitawanya shimo baada ya shimo. Kete iliyokuwa ikikushambulia sasa hivi inakupigania. Mchezo huanza na kete 64 na huisha na kete 64. Katika bao hakuna kaburi.

Michezo ya jamii hii ni ya kale sana katika Afrika yetu. Kwenye miamba ya Hyrax Hill, karibu na Nakuru, yapo mashimo ya bao yaliyochongwa na watu ambao majina yao yamepotea. Hapa mkoani Mara, Mwalimu Nyerere wa Butiama alijulikana kwa kulipenda bao, hata baada ya kung'atuka urais mwaka 1985. Nami utotoni, katika miaka ya 1950, niliwaona wazee waliotoka Burma wakilicheza chini ya mti. Wakurya waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, na vita ya pili ya dunia iliwapeleka baadhi yao hadi kwenye misitu ya Asia mwaka 1944. Wazee hao hawakupenda kutusimulia waliyoyaona. Lakini waliweza kukaa nusu siku wakihamisha kete kutoka upande huu kwenda upande ule, wakitaniana kwa sauti kubwa.

Kwa nini bao halina mfu? Nadhani ni kwa sababu lilikua katika nchi ambayo ardhi ilikuwa kubwa na watu wachache. Mahali kama hapo, mateka alikuwa mtu wa thamani. Alilelewa, aliozwa, alipewa shamba, na watoto wake wakahesabiwa katika ukoo uliomteka. Tusiupambe ukweli huo kupita kiasi, maana upande wa pili wake ni kwamba huko pwani mateka huyohuyo aliuzwa sokoni, wala hakuna kete iliyowahi kuulizwa kama inataka kuhama. Lakini jibu lenyewe liko wazi: lengo la vita ni kumpata mtu, si kumpoteza.

Wenzetu walijibu vingine. Sataranji, iliyotoka India ikapitia Uajemi hadi Uarabuni na Ulaya, humtoa ubaoni aliyeliwa na kumlaza pembeni. Wajapani, katika sataranji yao iitwayo shogi, wanakaribiana na sisi: aliyekamatwa huweza kurudishwa ubaoni na aliyemkamata, akapigana dhidi ya wenzake wa jana. Kwa hiyo si kweli kwamba bao ni la kitoto na sataranji ni ya wenye akili, kama tulivyowahi kusikia kwa baadhi ya watu shuleni. Ni majibu mawili ya swali moja.

Jibu la tatu lilitoka Ujerumani, na huo ndio mzizi hasa wa mchezo wa mjukuu wangu. Mwaka 1824 afisa kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo alioukuza kutokana na kazi ya baba yake. Badala ya ubao wenye miraba kulikuwa na ramani halisi ya nchi. Vikosi vilikuwa vibao vidogo, vyekundu upande mmoja na vya buluu upande wa pili. Kikosi kilipokifyatulia risasi kikosi kingine, dadu zilirushwa, kisha mwamuzi akasoma kwenye majedwali ni watu wangapi wameanguka. Mkuu wa majeshi wa wakati huo, Karl von Müffling, aliupenda mchezo huo, ukasambazwa katika vikosi ili kuwafunza maafisa. Hapo aliyeuawa hakuhamia kwa adui wala hakulazwa pembeni ya ubao. Alikuwa tarakimu. Alikwenda kwenye hesabu ya kutoa.

Kutoka jeshini, michezo ya namna hiyo ikaingia sebuleni. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupigana kwa askari wa risasi na mizinga midogo ya springi inayorusha vijiti. Wells hakuwa mpenda vita. Alisema wazi kwamba wanaotamani vita vya kweli wangefanya heri wakatosheka na hivi vya sakafuni, ambavyo havimwachi mtu yatima. Mwaka uliofuata, 1914, vita vya kweli vilianza.

Hapo ndipo ukoo wa mchezo unapogusana na wetu. Vita hiyo ya Wazungu ilipiganwa pia huku. Mpaka kati ya Wajerumani na Waingereza ulipita katikati ya nchi ya Wakurya, kama unavyopita leo kati ya Sirari na Isebania, na Wajerumani walikuwa na boma lao Shirati, ufukweni mwa ziwa. Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga. Novemba 1918 Paul von Lettow-Vorbeck akasalimisha silaha huko Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia. Katika miaka hiyo 4 majeshi yote mawili yalisafiri juu ya mabega ya wapagazi. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wabeba mizigo cha Waingereza. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa, si na risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina orodha ya majina yao.

Fikiri sasa juu ya majedwali ya Reisswitz. Yalihesabu askari kwa uangalifu mkubwa. Mtu aliyebeba sanduku la risasi nyuma ya askari hakuwa na kibao chekundu wala cha buluu, na dadu haikurushwa kwa ajili yake. Mchezo huwahesabu wale ambao mbunifu wake amewaona. Historia nayo hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana mwalimu wa historia anapaswa kuuliza kila mara ni nani ambaye hayumo katika jedwali.

Baada ya nusu karne, watoto wa watoto wa vita hivyo vya sebuleni walikuwa Marekani. Gary Gygax, mkazi wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, alitoa mwaka 1971, pamoja na Jeff Perren, kanuni za vita vya zama za mikuki na ngome zilizoitwa Chainmail. Humo sanamu moja mezani iliwakilisha watu 20. Mwaka 1974 Gygax na mwenzake Dave Arneson wa Minnesota walitoa mchezo mpya, Dungeons & Dragons, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Walifanya badiliko linaloonekana dogo: sanamu moja sasa ilikuwa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa na jina, kazi, nguvu na udhaifu, na mchezaji alisema kwa niaba yake wiki baada ya wiki. Yule mwamuzi wa Prussia mwenye majedwali aligeuka kuwa msimulizi, akiwaeleza wenzake kilichomo nyuma ya mlango.

Badiliko hilo lilileta taabu. Tarakimu ikifa hakuna anayelia, lakini mtu mwenye jina akifa kwa pigo moja la dadu, aliyemlea kwa wiki 10 hukasirika na kuondoka mezani. Arneson alitafuta dawa katika mchezo wa manowari. Humo meli haizami kwa kombora moja. Ina kiasi cha mapigo inachoweza kustahimili. Akampa binadamu kiasi hicho, nacho kikawa alama za uhai, ambazo leo zimo katika michezo isiyohesabika ya kompyuta. Tena kanuni za 1974 ziliwapa makasisi wa mchezo uwezo wa kumfufua aliyekufa. Hilo likawa jibu la nne: aliyeuawa anaweza kurudi, ikiwa rafiki zake wanampenda na wanazo njia.

Icewind Dale ni mjukuu wa meza hiyo. Ilitengenezwa na Black Isle Studios ya California, juu ya mtambo wa programu uliobuniwa na BioWare ya Edmonton, Kanada, kampuni iliyoanzishwa na madaktari wa tiba. BioWare walikuwa wameutumia mtambo huo mwaka 1998 katika mchezo wao Baldur's Gate. Katika mchezo huo, mchezaji huokota wenzake njiani, kila mmoja na tabia na manung'uniko yake. Katika Icewind Dale mchezaji huwabuni wote 6 mwenyewe kabla ya safari: askari, mwindaji, kasisi, mwizi, manju, mwanachuoni wa uchawi, au mchanganyiko mwingine wowote. Kisha huwaongoza katika nchi ya barafu kaskazini, pango baada ya pango. Maneno ni machache na mapigano ni mengi. Waliousema vibaya tangu mwanzo walisema hilo, nao ni kweli. Asiyependa vita vya mchezoni hatapata kingine cha kumshika humo, isipokuwa picha zake nzuri zilizochorwa kwa subira, na muziki wa Jeremy Soule ambao mke wangu huusikiliza akiwa jikoni.

Lakini mapigano hayo yana akili. Mjukuu wangu akibonyeza kibonye kirefu kilicho chini ya herufi, wakati husimama. Majitu husimama na marungu hewani, mishale huning'inia, naye hufikiri: nani asonge, nani arudi nyuma, kasisi amtibu nani. Katika bonde moja la makaburi wapiganaji wake walikutana na mifupa inayotembea. Mishale na panga havikuifaa sana. Kilichofaa ni rungu. Nilimwambia kwamba jambo hilo hakuhitaji kulisoma katika kitabu cha maelekezo, angemuuliza babu yake.

Kifo katika mchezo huu kina kanuni za ajabu, nami nilizifuatilia kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Alama za uhai za mmoja wa wale 6 zikiisha, anakufa. Wenzake wanaweza kumpeleka hekaluni katika kijiji cha Kuldahar, wakalipa dhahabu, akafufuliwa. Baadaye kasisi wao akikomaa, humfufua mwenyewe bila malipo. Pigo likizidi mno, mwili husambaratika, na hapo hata kasisi hana la kufanya. Lakini bado kuna mlango wa uani: mchezaji hurudi pale alipohifadhi mchezo, na yaliyotokea huwa hayakutokea.

Watu wa pembeni hawana milango hiyo. Mwanzoni mwa safari wale 6 wanafuatana na msafara unaoongozwa na mzee Hrothgar. Majitu ya barafu yanaporomosha theluji, na msafara wote unazikwa isipokuwa wale 6. Hakuna anayeulizia hekalu. Baadaye Arundel, mzee anayelinda mti mkubwa unaokipa kijiji joto, anashambuliwa nyumbani kwake. Kundi linamkuta akiwa anakata roho, anasema maneno machache, kisha basi. Dhahabu ipo, kasisi yupo, hekalu liko hatua chache kutoka mlangoni. Hafufuki. Na adui je? Adui akianguka huacha panga, sarafu na alama za ujuzi. Hana jina, hana kaburi, hana mama.

Mwaka 2003 nilimuuliza kijana wangu kwa nini watu wake wanarudi na wengine hawarudi. Alinijibu kwamba ndivyo mchezo ulivyo. Jibu hilo limekaa nami miaka yote hii, kwa sababu nililisikia pia nje ya mchezo, kwa maneno mengine, kwa watu wazima wenye akili timamu.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa na mwanachuo mmoja, kijana hodari wa hisabati. Alikwenda kwao likizo. Ng'ombe waliibwa, yowe likapigwa, na vijana wa koo mbili wakakutana kwa mishale. Hakurudi. Nilipokwenda kuwapa pole wazazi wake, mama aliingia ndani akatoka na vitabu 4 vya chuo ambavyo mwanawe alikuwa ameviazima. Alikuwa amevifunga kwa kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa kuwa alihofu kwamba chuo kingevidai. Daftari letu la mahudhurio lilikuwa na alama ya aliyepo, ya asiyekuwepo na ya mgonjwa. Alama ya nne haikuwamo. Upande wa pili walizika vijana wawili siku hiyohiyo, ambao majina yao hayakufika kwetu. Katika kilio kile niliwasikia watu wakisema kwamba wa upande wetu alikuwa mmoja na wa upande wao wawili, kana kwamba kuna jedwali mahali fulani linalojumlisha.

Ndiyo sababu sikumkataza mjukuu wangu kucheza, wala sikuuacha mchezo upite hivihivi. Wapo wazazi wanaosema michezo ya namna hii huwafanya vijana kuwa wauaji. Vijana wa mwaka ule hawakuwa wameiona kompyuta hata moja. Bao nalo ni mchezo wa vita, na halikumtuma mtu kwenda kuiba ng'ombe. Nilichofanya ni kumwekea sharti: acheze tangu mwanzo, na aliyekufa awe amekufa. Asilipe hekalu, asitumie kasisi, asirudi nyuma.

Siku tatu za kwanza alicheza kama kawaida yake. Siku ya nne, katika bonde lile la makaburi, mwizi wake alitangulia kufungua mlango, akazingirwa, akafa. Kijana alinyamaza. Kidole chake kilikwenda kwenye mahali pa kurudisha mchezo, kisha akanitazama, akakitoa. Waliendelea watano. Tangu siku hiyo nikaona mambo mawili. La kwanza, alianza kusimamisha wakati mara nyingi zaidi, akimtuma mmoja achungulie, akirudisha kundi lake nyuma ya mlango, akiacha dhahabu ambayo haikustahili damu. La pili, alianza kuuliza kama pigano fulani ni la lazima. Chini kabisa ya bonde hilo yumo mbabe wa kale aliyezikwa humo, jina lake Kresselack. Baada ya kuua njia nzima, wageni wanamfikia na kusikia kutoka kinywani mwake kwamba siye chanzo cha mabaya yanayokisumbua kijiji. Katika mchezo wa kwanza mjukuu wangu aliyapita maneno hayo haraka. Safari hii aliyasoma yote, kisha akaniambia, "Babu, kumbe mwizi wangu alikufa bure." Nilimwambia kwamba sentensi hiyo imesemwa katika nyumba nyingi za wilaya hii.

Mwisho wa mchezo kuna jambo ambalo lilinikalisha kimya, nami ni mtu niliyefundisha historia maisha yangu yote. Kati ya sehemu na sehemu, hadithi husimuliwa na sauti nzito ya mtu mzima, yenye utulivu, na unaiamini kama unavyomwamini babu. Wale 6 wanamshinda shetani aitwaye Belhifet, ambaye adhabu yake ni kufukuzwa duniani kwa miaka 100. Ndipo inapojulikana kwamba msimulizi ni yeye. Aliyeshindwa ndiye aliyekuwa akitueleza habari tangu mwanzo, na miaka yake 100 inakaribia kwisha.

Wazee wa iritongo, baraza letu la jadi, wasingehitaji kufafanuliwa jambo hilo. Walijua kwamba vita inayokwisha kwa mmoja kushinda humwacha mwingine akikaa kando ya moto, akiwasimulia watoto wake na kuhesabu miaka. Vita havina macho, lakini vina kumbukumbu ndefu. Ndiyo maana mapatano ya kweli kati ya koo hayakuwa ya kuhesabu waliouawa tu. Yalifuatwa na watu kuvuka: kijana wa huku akaoa kule, ng'ombe wakapelekwa kwa hiari badala ya kuibwa usiku, na wajukuu wakazaliwa wenye babu pande zote mbili. Hilo ndilo jibu la bao, lakini kete zikiwa zimeulizwa na kukubali.

Mama wa mjukuu wangu huyu alitoka katika ukoo ambao baba zake walipigana na baba zangu. Ng'ombe wa mahari yake niliwasindikiza mwenyewe. Kwa hiyo yowe likipigwa usiku, na vijana wenzake wakimwita atoke na upinde, wale walio ng'ambo ya pili watakuwa wajomba zake na watoto wa wajomba zake, watu waliomlisha. Anawajua kwa majina. Anajua nani kati yao ni hodari wa kuimba, nani ana mguu mbovu, nani anasomea ualimu.

Nimemwambia aendelee na mchezo wake, maana amebakiza wanne na njia bado ndefu. Nawashauri pia walimu na wazazi watakaowakuta vijana wao mbele ya michezo ya namna hii wasiizime kwanza. Wavute kiti, wakae, waulize aliyeuawa amekwenda wapi, na nani amekwenda kuwapa pole kwao. Kijana akishaanza kulijibu swali hilo kuhusu wale 6, mwulize sasa kuhusu adui.